Kaimu wa Wasiokuwapo

Hapo zamani za kale, siku ambazo wanyama walivaa beji kifuani na kusimama mstarini asubuhi, palikuwa na shule ya sekondari ng'ambo ya Mto Mkavu. Sogeeni, wajukuu zangu. Nitaeleza polepole, maana hadithi yenyewe ni ya mtu aliyechoka.

Mwalimu Mkuu wa shule hiyo alikuwa Bwana Korongo: miguu mirefu, shingo ndefu, macho hafifu, miwani imekaa juu ya mdomo. Alikuwa na msemo mmoja aliousema asubuhi na jioni: "Hakuna kazi bila jina, na hakuna jina bila barua."

Na palikuwa na Pimbi. Nasema Pimbi, yule akaaye kwenye mawe. Yule akaaye mitini na kulia usiku ni Perere. Ni jamaa yake, lakini si yeye. Wala si panya, ingawa wasiojua walimwita hivyo, naye akawaitikia kwa kuwa hakuwa na nguvu za kubishana. Jina lake kamili lilikuwa Sikitu binti Jabali.

Sikitu alikuwa kidato cha mwisho. Katika ukoo wote wa mawe yale hapakuwa na Pimbi aliyewahi kufika hapo. Mwisho wa mwaka kuna mtihani. Anayefaulu huvuka mlima kwenda chuoni, anayeanguka hurudi kuota jua. Mama yake alimwambia siku ya kufungua shule:

"Mwanangu, kuota jua hata mimi najua. Mwaka mmoja tu huu. Soma."

"Nitasoma, mama."

Na angesoma, lau si Serikali ya Wanafunzi.

Siku ya kura, Kiboko, Nyati na Kifaru walisimama mbele ya sanduku, wakaziba jua. Wadogo wakatazamana, wakapiga kura zao, wakaondoka kimya. Basi Kiboko, jina lake Mbaruku bin Ziwa, akawa Kiranja Mkuu. Nyati, jina lake Kondo bin Mbuga, akawa Kiranja wa Michezo na Midahalo. Kifaru, jina lake Pazi bin Miiba, akawa Kiranja wa Kengele na Usafi. Walipewa beji za shaba. Ile ya Kiboko ilipotelea ndani ya mikunjo ya shingo yake siku ileile, isionekane tena. Lakini mwenyewe alisema anaihisi.

Wiki ya pili, Kifaru alimkuta Sikitu juu ya jiwe, amefungua kitabu.

"We dada! Kengele ile inanipasua kichwa. Nipigie leo."

"Leo tu, kaka Pazi?"

"Leo tu, haki ya Mungu."

Sikitu akafunga kitabu, akaenda. Ngwe! Ngwe! Ngwe!

"Ahsante, dada."

"Si kitu."

"Ala!" Kifaru akacheka mpaka vumbi likatimka. "Kumbe ndiyo maana wakakuita hivyo!"

Mara shingo ya Bwana Korongo ikachomoza dirishani.

"Nani amepiga kengele? Huyo si Pazi bin Miiba. Mkono ni mwepesi mno."

"Ni mimi, Mwalimu. Ameniomba."

"Kwa barua gani?"

"Kwa mdomo tu, Mwalimu."

"Basi kengele hiyo haijapigwa."

"Lakini watu wote wameisikia."

"Wameisikia," alisema Bwana Korongo, "lakini haijapigwa. Chukua fomu hii. Anayemwachia mwenzake kazi huijaza, na aliyeachiwa huitwa kaimu."

Fomu ilikuwa fupi. Ilisema hivi: *Mimi fulani, kwa kuwa sipo shuleni, namwachia fulani kazi yangu, awe kaimu wangu mpaka nitakapoifuta barua hii kwa barua nyingine.*

Sikitu aliandika majina, akampelekea Kifaru.

"Soma kwanza, kaka."

"Nisome nini? Macho yangu mabaya, nawe unajua. Nikanyage wapi?"

"Hapa chini."

Kifaru akachovya mguu kwenye wino. Pu! Karatasi ikabaki na alama kubwa kama sahani.

Ile "leo tu" ikawa kesho, na kesho ikawa kila siku. Nyati alipoona, alikuja mbio, pembe zimeinama.

"Sikitu! Nasikia wewe ni kaimu."

"Wa kengele tu, kaka Kondo."

"Na mimi je? Pazi ni bora kuliko mimi? Wote tuna beji!"

"Sikusema hivyo."

"Basi lete fomu. Mpira, mbio, mdahalo, vyote. Mimi nikisimama juani napata hasira."

Pu!

Kiboko hakuja mwenyewe. Alimwita kutoka dimbwini, pua tu ndiyo iliyokuwa nje ya maji.

"Mdogo wangu Sikitu. Mimi ni Kiranja Mkuu, siyo?"

"Ndiyo, kaka Mbaruku."

"Mkuu hafanyi kazi. Mkuu huwa mkuu. Lete karatasi."

"Itaingia maji."

"Itakauka."

Pu! Chubwi!

Tangu hapo Sikitu hakukaa chini. Alfajiri kengele. Baada ya kengele, mstari: kusimama mbele na kuita majina ya shule nzima kutoka kwenye daftari. Kisha kukagua ufagiaji. Mchana kuwapangia watu foleni ya makande. Jioni kupuliza filimbi ya mpira na kukimbia nyuma ya swala, ambao hawasikii filimbi. Siku ya mdahalo juu ya "Pembe ni bora kuliko mkia", Kondo hakutokea, na wasemaji wake hawakutokea. Sikitu, ambaye hana pembe wala mkia, alisemea upande wa kwanza, akavuka chumba, akasemea upande wa pili, kisha akakaa kiti cha mwenyekiti akatangaza sare. Siku ya wazazi alipokea wazazi mia mbili getini. Mama yake alikuwa wa mia mbili.

"Mwanangu, mbona macho yamekuwa mekundu?"

"Vumbi, mama."

"Unasoma?"

Sikitu akamwonyesha kiti, akakimbilia kengele.

Muhula wa tatu ukaja mtihani wa majaribio. Sikitu aliandika jina lake juu ya karatasi, jina kamili, kwa mwandiko mzuri, akalala hapohapo. Akapata tisa kwa mia. Alikuwa wa mwisho darasani. Hata Kifaru alipata kumi na moja, naye alisoma maswali ya karatasi ya jirani.

Siku arobaini na tano zilibaki.

Akaenda kwa Bwana Korongo.

"Mwalimu, nimechoka. Naomba kuacha ukaimu."

"Kaimu hajiondoi," alisema Bwana Korongo, si kwa ubaya. "Barua ni barua. Aliyeweka jina lake ndiye alifutaye. Nenda kawaombe."

Akaenda kuwaomba. Wote watatu walikuwa kivulini nyuma ya jiko.

"Kaka zangu, siku arobaini na tano tu. Rudisheni kazi zenu nikasome."

"Ebo!" alisema Nyati. "Ukishasoma uende wapi?"

"Chuoni."

"Pimbi chuoni! Salaale! Watakukalia wakidhani ni mto wa kiti!"

Wakacheka, hohoho, mpaka kuta za jiko zikatikisika.

"Mdogo wangu," alisema Kiboko, "sisi kazi tunaipenda sana. Ndiyo maana hatutaki kuichezea. Nenda, kengele inakungoja."

Sikitu akawapa kisogo. Alikwenda juu ya jiwe lake, akakaa. Hakuwa na nguvu ya kulia. Akazitoa zile barua tatu mkobani, akazitazama tu, kama mtu anavyotazama ukuta. Akasoma ya Kifaru. Akasoma ya Nyati. Alipofika ya Kiboko akarudia mstari wa kwanza, neno kwa neno, kidole juu ya karatasi.

*Kwa kuwa sipo shuleni.*

"Mh!" akasema Sikitu.

Kesho yake mstarini, shule nzima imesimama, Sikitu akafungua daftari la majina. Akaita swala, akaita ngiri, akaita nyani. Kila mmoja akajibu, "Nipo!" Akafika kwenye majina ya viranja.

"Mbaruku bin Ziwa!"

"Nipo!" akanguruma Kiboko.

Sikitu akaandika, akisema kwa sauti ya kuchoka: "Hayupo. Kondo bin Mbuga!"

"Nipo!"

"Hayupo. Pazi bin Miiba!"

"Ni... nipo?" akasema Kifaru.

"Hayupo."

Mstari wote ukaguna. Kiboko akatoka mbele, kishindo, gu! gu! gu!

"We Pimbi! Umekuwa kipofu? Mimi ni huyu hapa! Nimesimama! Nakanyaga!"

"Shikamoo, kaka Mbaruku. Lakini mimi ni kaimu wako. Kaimu huwapo pale ambapo mwenyewe hayupo. Barua yako yasema hupo. Mimi ni nani nibishane na barua yako?"

"Lakini waniona!"

"Nakuona," alisema Sikitu, "lakini hupo."

Nyani mmoja akaangua kicheko, akazibwa mdomo na mwenzake. Nyati akakwarua ardhi kwa ukwato, kwaru, kwaru.

"Nitakukanyaga sasa hivi!"

"Nani atanikanyaga, kaka Kondo? Asiyekuwapo?"

Nyati akabaki na mguu juu. Kisha akaurudisha chini polepole.

Mchana ikapigwa kengele ya makande. Mpishi, Bibi Kanga, aliwapakulia watu kwa daftari: jina lililoandikwa "yupo" hupata sahani, lililoandikwa "hayupo" halipikiwi. Kiboko akafika na sahani yake, pana kama ungo.

"Jina?" akauliza Bibi Kanga.

"Bibi, wanijua! Kila siku nakula hapa!"

"Nakujua, mjukuu wangu. Mara mbili, na mara ya tatu unarudi ukidai ya kwanza ilimwagika. Jina?"

"Mbaruku bin Ziwa."

Bibi Kanga akapitisha mdomo kwenye daftari. "Hayupo. Kekekeke! Hayupo, makande yake hayakutiwa chunguni. Mwingine!"

"Nina njaa!"

"Asiyekuwapo ana njaa huko aliko. Mwingine!"

Kifaru yeye hakubishana. Alikuwa amesimama pembeni, uso umekunjamana kwa mawazo.

"Kondo," akanong'ona, "hivi mimi nipo?"

"Upo, mpumbavu wee! Naongea na nani?"

"Lakini niliweka mguu kwenye barua. Mguu wangu haudanganyi." Akafikiri tena. "Kama sipo hapa, basi niko nyumbani. Ngoja nikajitazame."

Akaenda. Kweli alikwenda, wajukuu zangu, kilomita sita za miiba. Alasiri akarudi anahema, jasho linamtiririka.

"Jamani! Nimemuuliza mama, 'Pazi yupo?' Akasema, 'Pazi hayupo, yuko shule.' Nyumbani sipo, shuleni sipo! Loo, Mbaruku, nimepotea!"

Siku ya kwanza ikaenda hivyo, na ya pili, na ya tatu. Darasani walimu walisoma daftari kabla ya kuingia. Mwalimu wa hesabu alikusanya kazi za wote akaziruka za watatu, akisema hawezi kusahihisha karatasi ya mtu asiyekuwapo. Siku ya nne Kiboko, ambaye matumbo yake yalikuwa yakilia kama ngoma ya msiba, alisema, "Twende kwa Mwalimu Mkuu. Huyu panya tutamkomesha leo."

Huko ndiko alikokosea. Angalipiga kelele mstarini wiki nzima, pengine Sikitu angechoka kabla yake. Lakini alikwenda mwenyewe palipo na Kanuni za shule.

Wakaingia ofisini, wakajaa mpaka madirisha yakawa giza. Sikitu akaitwa.

"Mwalimu," alianza Kiboko, "Pimbi huyu anatuandika kuwa hatupo, na sisi tupo!"

Bwana Korongo akapanguza miwani. "Sikitu binti Jabali, una neno?"

"Sina, Mwalimu. Ninazo barua."

Akaziweka mezani. Bwana Korongo akainama, akasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alisoma taratibu. Kifaru akaanza kutetemeka, na rafu ya vitabu ikatetemeka naye.

"Mbaruku bin Ziwa. Alama hii ni ya mguu wako?"

"Yangu, Mwalimu."

"Hapa umesema, tangu mwezi wa pili, hupo shuleni."

"Nilikuwapo, Mwalimu! Haki!"

"Kama ulikuwapo, nani aliita majina mstarini?"

"Pimbi."

"Nani alipokea wazazi?"

"Pimbi."

"Kondo bin Mbuga, siku ya mdahalo nani alisema?"

"Pimbi," alisema Nyati.

"Na aliyempinga?"

"Pimbi."

"Hm," alisema Bwana Korongo. Akanyoosha shingo mpaka kwenye Kanuni zilizotundikwa nyuma ya mlango. "Kanuni ya Kumi na Moja. *Mwanafunzi asiyekuwapo siku sitini hatafanya mtihani wa mwisho. Atarudi mwakani, akae kidato kilekile.*"

Nyati na Kifaru wakamgeukia Kiboko.

Mjue kwamba Kiboko alikuwa amekwisha kukaa kidato kile miaka miwili. Baba yake alimwambia: mwaka wa tatu ukirudia, mtoni usikanyage. Basi yule mkubwa wa wakubwa akapiga magoti, na sakafu ikapasuka.

"Mwalimu, baba yangu! Nihurumie! Hakuna njia nyingine?"

"Njia ipo. Kila mmoja afute barua yake leo, na arudie kazi yake kwa mwili wake mwenyewe, kila siku, mpaka siku ya mtihani. Hapo nitaandika kwamba aliyekuwa hayupo amerudi. Akikosa hata kengele moja, nitajua hajarudi."

"Tunarudi, Mwalimu!"

"Tumesharudi!" akalia Kifaru. "Nimejiona!"

"Basi tafuteni fomu."

"Ninazo, Mwalimu," alisema Sikitu kwa sauti ndogo. "Nimeziandika jana. Nilidhani pengine zitahitajika."

Akaziweka mezani, tatu, majina kamili, wino umekauka. Bwana Korongo akamtazama kupitia juu ya miwani.

"Sikitu binti Jabali."

"Naam, Mwalimu."

"Una mwandiko mzuri."

Safari hii hawakuuliza wakanyage wapi. Walisoma. Walisoma kila neno, vichwa vitatu vikubwa juu ya karatasi moja, midomo ikitamka.

"Dada, neno hili ni nini?" akauliza Kifaru.

"Ni *nipo*, kaka Pazi."

"Lipo kweli? Usinifiche."

"Lipo."

Pu! Pu! Pu!

Nje, Nyati alimfuata Sikitu mpaka njia panda ya uwanja.

"We Pimbi. Ulitutega."

"Mimi, kaka Kondo? Niliwaomba kwa mdomo, mkacheka. Nikaona nifuate mlivyoandika."

Nyati akatikisa masikio. Kisha akauliza kwa aibu, "Filimbi iko wapi?"

"Juu ya msumari, nyuma ya mlango wa stoo. Swala hawaisikii. Itabidi ukimbie."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka wachoke wao."

Nyati akaguna, akaenda.

Sikitu akapanda jiwe lake. Siku arobaini na moja zilibaki. Jiwe lilikuwa na joto la jua la mchana mzima, na uwanjani kulikuwa na makelele ya Nyati akiwafukuza swala, na Kifaru alikuwa akifagia bweni kwa pembe. Sikitu akafungua kitabu ukurasa wa kwanza, ule aliouacha wiki ya pili ya mwaka. Akasoma mistari minne. Ya tano hakuiona, alikuwa amelala.

Alilala mpaka jua likageuka upande wa mlima. Hapana aliyemwita. Wote waliokuwa wakimwita walikuwa kazini.

Alipoamka alijinyoosha, akaupangusa ukurasa, akaanza tena mstari wa kwanza, na usiku ulipoingia alikuwa amefika sura ya tatu.

Nanyi shikeni neno hili moja: anayemwachia mwenzake kazi yake, humwachia na jina lake pia.